Mkono wa Athumani na Mguu wa Kuku

Umeme ulikatika nyumbani kwangu hivi majuzi, na mjukuu wangu akaitoa uvunguni ile pasi ya mkaa ambayo naihifadhi kwa ukaidi tu. Akaitia makaa, akaipepea, akatandika mezani kaptura ya kaki ya mdogo wake, akainyunyizia maji kwa ncha za vidole. Pasi ilipogusa kitambaa, mvuke ukapanda na ile harufu ikanijia usoni. Nilisimama nikatoka nje. Mtoto wa watu alidhani moshi umenikera, akaomba radhi, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba aliyenikera ni kaka yangu Athumani, ambaye tumemzika Mafinga mwaka huu huu, na ambaye alinuka harufu hiyo miaka yote niliyomjua tangu mkono wake ulipokufa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Iringa wakati wa mkoloni mtakumbuka baraza za maduka ya Wahindi, na mafundi cherehani waliojipanga humo wakikanyaga mashine toka asubuhi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alishonea kwenye baraza la Bwana Kasamu, Mhindi muuza vitambaa, na mteja akinunua jora ndani anapimwa papo hapo nje. Baba alikuwa mtu wa asili ya pwani, mwenye kofia safi na maneno machache, na aliamini kwamba binadamu aliyekamilika ni yule anayeweza kushona kola ikalala. Mama alikuwa Mhehe wa Kalenga, akaslimu alipoolewa, na maneno yake hayakuwa machache hata kidogo. Athumani alikuwa mtoto wao wa kwanza na mimi wa mwisho, na wote waliozaliwa katikati yetu walikwisha kufa. Kwa hiyo nyumba nzima ilimtegemea yeye. Cherehani ya pili pale barazani ilinunuliwa kwa ajili yake kabla hajaota ndevu.

Hoki aliiingia kwa bahati mbaya. Wahindi walikuwa na uwanja wao wa vumbi jekundu nyuma ya mji, na jioni walicheza mpira wa magongo huku sisi watoto tukitazama. Siku moja walipungukiwa mtu, wakamwita Athumani kwa sababu alikuwa amesimama karibu, ameleta suruali nyeupe za timu alizozishona mwenyewe. Wakampa gongo. Toka siku hiyo akawa mtu wa kuziba pengo upande wa kushoto, upande ambao hakuna aliyeutaka.

Alikuwa mbovu. Nasema hivyo kwa mapenzi yote. Gongo la hoki lina uso mmoja bapa, na mgongo wake wa mviringo hauruhusiwi kugusa mpira. Mpira ukikujia kuliani unaupiga tu, lakini ukikujia kushotoni inakubidi uligeuze gongo kwa kifundo cha mkono wa kushoto, ncha ikitazama chini, na uligeuze upesi. Athumani alikuwa akifika kuligeuza, mpira umeshapita na mwenye nao ameshafunga. Watu wakamwita Fagio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutimua vumbi. Naye alicheka pamoja nao, na njiani kurudi nyumbani alinibeba mabegani huku bado akicheka.

Halafu akaanguka na baiskeli. Alikuwa anateremka kutoka Gangilonga na furushi la nguo, breki zikakataa, akatupwa kwenye mtaro, akaangukia mkono wa kushoto. Alifika nyumbani ameushika kwa mkono mwingine, uso umekuwa wa kijivu. Mama akapiga yowe moja tu, "Yuwe!", kisha akajikaza. Baba alitaka hospitali. Mama akasema katu, kwani alimjua mtu wa kwao aliyeingia hospitali na mkono uliovunjika akatoka na mkono wa shati umefungwa fundo. Akaitwa Mzee Kihwele, muunga mifupa.

Mzee Kihwele alisalimia "Kamwene", akaketi, akaupapasa mkono bila kuutazama, akitazama mlangoni. Kisha akaomba kuku. Mama akamletea kuku wetu mmoja kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Mzee akamvunja mguu. Nilisikia mlio wake, na Athumani alikaza meno kana kwamba amevunjwa yeye tena. Mzee akaupaka mguu wa kuku dawa, akaufunga kwa vijiti vya mwanzi, kisha akaufunga mkono wa Athumani kwa dawa hiyo hiyo na mianzi ya namna hiyo hiyo, mirefu zaidi. Akasema: "Kuku akipona, na huyu amepona. Msimfungue kabla ya kuku."

Nilikuwa mdogo, na maneno ya wakubwa niliyachukua yalivyo. Nilielewa kwamba sasa kaka yangu na kuku wana mfupa mmoja, umegawanywa tu. Nikawa mlinzi wa yule kuku. Nilimpa pumba na maji, nikawafukuza majogoo, na nikimwona Athumani amelala vibaya nilikimbilia uani kumgeuza kuku. Siku moja nilimkuta kuku anadonoa mianzi yake, nikaenda mbio kumuuliza kaka kama mkono unamwasha. Akasema unawasha. Baada ya jibu hilo, hakuna mtu wala msahafu ambao ungenibadilisha mawazo.

Mfungo wa Ramadhani ulikuwa unaelekea ukingoni. Kila mwenye mtoto mjini alitaka nguo ya Idi, vitambaa vimerundikana mpaka dirishani, na baba alikuwa peke yake kwenye mashine mbili. Asubuhi moja akatoka uani kutawadha, akamwona kuku kishingo anachakura kwa miguu yote miwili. Akasimama pale na birika lake mkononi.

"Kuku anachakura," akasema. "Na huyu bado amefungwa kama mgonjwa?"

Mama akamwambia amsubiri Mzee Kihwele, aliyekuwa amekwenda kwao kulima. Baba akasema sharti lilikuwa kuku apone, na kuku yule amepona, yeye mwenyewe ana macho. Akachukua mkasi wa kazi akakata kamba. Mkono ukatoka mwembamba, umepinda pale kwenye kifundo, kiganja kimegeukia ndani kama cha mtu anayeficha kitu. Mzee Kihwele aliporudi alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Kuku alitembea," akasema. "Je, mlimwona anaruka kupanda kitundu chake? Hamkungoja aruke." Akakataa hata ujira wake, na hilo ndilo lililomtisha mama kuliko yote.

Basi ule mkono haukushona tena. Wasiojua watasema cherehani ni miguu na mkono wa kulia, lakini anayeongoza kitambaa kuelekea sindano ni mkono wa kushoto, na mkono wa Athumani sasa uliongoza kila kitu pembeni. Pindo zilikwenda mrama. Alishona mfuko wa kanzu ya sheikh ukakaa kama umelewa, baba akaufumua. Akampa kazi ya kutia vifungo, baadaye akampunguzia hata vifungo hivyo. Cherehani ya pili ikafunikwa shuka.

Kilichofuata nilikiona mwenyewe, na kwa sababu hiyo nasema ninachosema. Kipupwe kizima, ule ukungu wa Iringa unaoingia mpaka kwenye blanketi, Athumani alikuwa nyuma ya duka la Bwana Kasamu akipiga mpira ukutani. Alipewa gongo kuukuu na mpira uliochubuka. Alikuwa hana kazi nyingine. Asubuhi alipiga, baada ya adhuhuri alipiga, vidole vimepasuka kwa baridi. Ukuta ulimrudishia mpira kushotoni, naye akaligeuza gongo, ukarudi, akaligeuza. Bwana Kasamu alipiga kelele kwamba chokaa inabanduka. Ukimsikiliza ukiwa ndani ulidhani mtu anatwanga.

Siku aliyorudi uwanjani walimpanga kushoto kama kawaida, kwa kicheko. Mpira ukaja kushotoni kwake, gongo likageuka kabla hujaona limegeuka, na mpira ukawa wake. Ukaja tena ukawa wake. Yule kijana aliyezoea kumpita Fagio akabaki ameganda na gongo lake. Kabla jua halijazama Athumani alikuwa amefunga, na hakuna aliyecheka. Hata yeye hakucheka, alikuwa akiutazama mkono wake.

Ubishi ulianza siku hiyo hiyo barazani, na haukwisha mpaka wabishi walipokufa. Upande mmoja alikuwa Jagtar, Kalasinga fundi wa magari na kapteni wa timu, mtu mkubwa mwenye kilemba na grisi kwenye kucha. "Mimi nasema hapana bahati," alisema, akiligonga baraza kwa kiganja. "Mimi naona hii kijana nyuma ya duka kila siku. Hii ni kazi. Hii ni ustadi."

Bwana Kasamu alikuwa upande wa pili, huku akipima vitambaa. "Ustadi gani, Jagtar? Watu kumi wapige ukuta mwaka mzima, nani atageuza vile? Mkono umepinda, umepindia mahali pa hoki. Angeangukia bega, leo angekuwa Fagio tu. Hiyo ni bahati, bwana, bahati ya mtaroni!"

Nao wapita njia wakaingia, kila mtu na upande wake, na hata waliokuja kununua kandili duka la jirani waliulizwa wanaonaje. Baba hakutaka kuulizwa. Akilazimishwa alisema ni bahati, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kipande cha uzi. "Ustadi ni kitu unachokitafuta," alisema. "Huyu alikuwa anatafuta nini mtaroni?" Sasa nikiwa mtu mzima namwelewa kuliko nilivyopenda kumwelewa. Kama ni ustadi, basi mkono uliopinda ulikuwa mkono mzuri, na hakuna lililoharibika. Kama ni bahati, basi yeye ndiye aliyezikata zile kamba kabla ya wakati, na mtoto amelipwa kwa kitu kisichotegemewa. Baba alikuwa akijihukumu mbele ya watu na hakuna aliyemsikia.

Mama hakuwa na ubishi. Alijua ni kuku. Nami nilikuwa upande wa mama. Athumani aliniuliza siku moja, tumekaa uani, yeye akijisugua kifundo kwa mafuta ya nyonyo.

"Zena, wewe unaonaje? Ni mimi au ni huu mkono?"

"Ni kuku," nikamwambia.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniuliza taratibu, "Na mimi je? Mimi sina changu humo?" Sikujua kwamba lile lilikuwa swali.

Ikaja habari ya Mbeya. Timu ya Iringa ingekwenda kucheza na timu ya Mbeya, na huko wangekuwepo watu wa kuchagua wachezaji wa jimbo watakaopelekwa Dar es Salaam. Jagtar alimweleza baba mbele yangu kwamba huko pwani wakubwa wa karakana wanawapenda wachezaji wa hoki, wanawapa kazi za kudumu, kazi za kusimama na kuangalia mita, hazihitaji mikono miwili mizima. "Hapa hii kijana nafanya nini?" akasema. "Vifungo? Mpaka mzee?" Wote tulijua kwamba katika dunia nzima mkono ule ulikuwa unafaa kwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa Mbeya.

Tulikwenda kwa lori la Bwana Kasamu, baba akiwa na kazi ya kupeleka sare za shule huko, na mimi nikapelekwa kwa sharti la mama. Mama alishikilia kwamba mkono na kuku wasitenganishwe siku kubwa kama ile. Kuku alitiwa kwenye tenga, nami nikapewa tenga. Jagtar alipoona akashika kiuno. "Hii kuku nacheza namba gani?" Timu nzima ikacheka, na Athumani akasema kuku ndiye kipa. Ile ndiyo safari ya furaha kuliko zote nilizowahi kusafiri na kaka yangu, na hata sasa nikipita Igawa nageuza shingo nione mahali tuliposimama, ambapo mwanamke wa Kisangu alitaka kumnunua kuku wangu, nikalikumbatia tenga nikilia, na Athumani akamwambia yule mama, "Huyu hauzwi, mama. Ni ndugu yangu."

Mbeya ilikuwa na baridi iliyozidi hata ya kwetu, na mlima umeinamia uwanja. Nilikaa kwenye mstari, tenga mapajani. Sitasimulia mchezo ule vizuri maana nilimtazama mtu mmoja tu, na muda mwingine nilimtazama kuku. Athumani alicheza kama mtu aliyezaliwa na gongo. Kila kilichopita kushoto alikizuia, na alipokinyang'anya hakukipoteza. Iringa walishinda, na watu wa Mbeya wenyewe walimpigia makofi. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipogeuka nilimwona ameshika kofia yake mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona akiwa nje ya nyumba.

Miongoni mwa wachaguzi alikuwamo Mzungu mmoja, daktari kwa kazi yake. Akamwita Athumani, akamshika mkono wa kushoto, akaugeuza huku na huku, akabonyeza kinundu cha kifundo. Akasema maneno marefu kwa Kiingereza. Jagtar alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mabega yake yalivyoshuka.

"Daktari nasema wewe unacheza vizuri sana," akatufasiria. "Lakini nasema huko Dar watu ya kazi naangalia mwili, kila mtu lazima apite kwa daktari, na hii mkono haiwezi kupita. Nasema iko hospitali ya misheni, wanaweza kuvunja tena na kunyoosha. Nyoosha kwanza, halafu msimu mwingine nakuchukua." Akaongeza kwa shida, "Nasema pia, kuvunja tena siyo kazi rahisi. Inaweza kupona vizuri, inaweza isipone."

Tulisimama Chimala wakati wa kurudi, watu wakinunua mchele. Hapo ndipo yalipotokea yale ninayoyarudia kichwani mpaka leo. Jagtar alimvuta baba kando ya lori, lakini si mbali nisisikie.

"Mzee, hii mkono usiguse. Nakuomba. Acha hivi hivi."

Baba akamtazama. "Nisiguse kwa nini?"

"Basi tu. Nacheza vizuri. Ukinyoosha, labda mchezo nakwenda."

"Fundi Jagtar," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole mno. "Si wewe uliyeapa kila siku barazani kwangu kwamba mchezo haumo kwenye mkono? Kwamba ni ustadi? Kama ni ustadi wake, mkono ukinyooka utakwenda wapi? Unaogopa nini?"

Sikuwahi kumwona mtu mkubwa vile amekosa pa kuweka mikono. Kisha naye akapata lake. "Na wewe je? Wewe nasema bahati. Kama ni bahati, iko ndani ya mkono. Kwa nini unataka kuvunja bahati ya mtoto?"

"Ili ashone," baba akasema. "Mimi sikumzaa ili awe na bahati."

Athumani alikuwa ameketi ukingoni mwa lori, miguu inaning'inia, amesikia kila neno. Nilidhani atachagua upande. Akateremka, akaja akasimama katikati yao.

"Nitanyooshwa," akasema.

Jagtar akamshika bega. "Kijana, fikiri. Mwaka mzima mimi nasema ni wewe, si mkono. Wewe huniamini?"

"Nataka kukuamini, Fundi. Lakini kila mtu ananieleza mimi ni nani, hata kuku ana watetezi wake. Nikinyooshwa nikacheza, ni mimi. Nisipocheza, nitashona. Nataka kujua tu."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kupanga mambo: mkono utavunjwa, na kuku atavunjwa tena pamoja nao, na safari hii nitahakikisha mimi mwenyewe kwamba ameruka mpaka kitunduni kabla mtu hajagusa kamba. Nilimnong'oneza kuku asiogope.

Hospitali ilikuwa mbali, milimani, na baba alimpeleka peke yake. Waliporudi, mkono ulikuwa ndani ya hogo jeupe la plasta toka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko. Nikakimbilia uani. Kuku alikuwa anachakura, mzima, na kilema chake kidogo. Nikarudi nikamuuliza baba lini watakuja kumvunja kuku. Akasema huko hawafanyi hivyo. Nikamuuliza sasa mkono utapona na nani? Mama akageukia ukuta. Wakubwa wanakumbuka siku nyingine kuwa ndiyo mbaya kupita zote. Mimi ni hiyo. Nilimwona kaka yangu amekaa na lile hogo, nikajua kwamba safari hii yuko peke yake.

Hogo lilipotolewa mkono ulikuwa umenyooka. Umenyooka kabisa, ungeuwekea mstari ukutani. Lakini kifundo kilikuwa kimegoma, na vidole vilikaa vilivyokaa, baridi. Walisema uzoeshwe, mama akaukanda kwa maji moto na chumvi, akaukanda na kulia, na Mzee Kihwele aliitwa akaupapasa akitazama mlangoni, akasema kwamba mfupa huo sasa haumfahamu yeye aliyeuunga kwanza. Athumani alikwenda uwanjani mara moja tu. Mpira ukaja kushotoni, ukapita. Jagtar mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuokota, na alikaa kule ng'ambo ya uwanja muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kuokota mpira.

Naye baba alimweka kwenye cherehani ya pili. Kitambaa kikateleza, sindano ikaingia kwenye kidole cha kushoto, na Athumani hakushtuka. Hakuhisi. Baba akaona damu kwanza. Akalizungusha gurudumu kwa mkono, akaitoa sindano, akaifunika mashine shuka, na sikuwahi kuliona shuka lile likiondolewa tena.

Athumani akabaki na pasi, kwa kuwa pasi haitaki mikono miwili. Alisimama mwisho wa baraza akinyoosha kaptura za kaki za wanafunzi, mkono wa kulia ukisukuma na wa kushoto ukining'inia, mvuke ukimpanda usoni. Na wale wanaume, mnajua walifanya nini? Waliendelea kubishana. Mbele yake! Bwana Kasamu alisema mmeona sasa, mkono umenyooka na mchezo umekwenda, ilikuwa bahati. Jagtar akasema hapana, mkono umekufa, mkono uliokufa haushuhudii chochote. Walikuwa sahihi wote wawili, na hilo ndilo lililokuwa baya. Athumani alikuwa ametoa mkono wake ili apate jibu, na jibu halikuja. Siku moja nilimsikia akisema taratibu, akiwa ameinamia pasi, bila kumwambia mtu, "Ungepona hata kidogo tu. Nijaribu tu."

Kuku kishingo aliishi muda mrefu kuliko kuku wanavyopaswa kuishi. Kila jioni aliruka kitunduni kwa mguu wake mbovu bila shida, na Athumani alizoea kutoka uani kumtazama. Kideri kilipopita mtaani kikamchukua pamoja na wengine.

Nimeishi nikaona mengi. Baba alikufa akiwa anayakwepa macho ya mwanawe. Jagtar alihama, Bwana Kasamu akafunga duka. Athumani alikwenda Mafinga akawa mlinzi kwenye kiwanda cha mbao, hakuoa, na vijana wa huko walimjua kama mzee mmoja mkimya mwenye kuwapigia pasi nguo za Idi bila malipo. Nilimuuliza mara moja, tumeshazeeka wote, kama bado anafikiria ile hoki. Akasema, "Sikuwahi kujua, Zena," kama mtu anayekwambia hakubahatika kupata watoto.

Alipofariki niliwahi mazishi. Wanaume waliomwosha walitoka, na mmoja wao, mzee wa heshima, akanijia nilipoketi. Mnajua desturi, mwoshaji hutaja yale mazuri tu aliyoyaona.

"Bibi, pole sana. Marehemu alikuwa na mwili uliotulia. Hata ule mkono wake wa kushoto, watu husema ulikuwa mbovu, lakini mimi nimeuosha kwa mikono yangu. Umenyooka vizuri mno. Aliyeunyoosha alikuwa fundi."

Nikamwambia ndiyo, alikuwa fundi, kwa sababu hakuwa amebaki mtu yeyote duniani wa kubishana naye.